Karatasi Muzito ya Kilio ya Marceline

Kamalondo, Lubumbashi, tarehe 8/1/1989

Yaya Claudine,

Jambo yako. Jambo ya mama mukwe, ya yaya Casimir, ya bote ba Kasomeno. Miye niko. Mvula inanyesha kila siku, bati inatoboka, lakini nyumba ingali inasimama. Kunda mutoto yangu namusalimia sana. Umuambie baba yake alisema jambo.

Sasa maneno. Marceline bibi yangu, mudogo yako, alikufwa mwezi ya ine ya mwaka ilipita. Mwaka iko karibu kutimia. Nauliza: kilio tunamaliza siku gani? Nijue siku ya kukuya munifunge busanga bweupe, kamba ya shanga, ku mukono, munifungule mu kilio, njo nibebe mutoto yangu. Bila ile busanga mujane halali na mutoto yake mu nyumba moya. Najua. Ni desturi yenu na yetu, sikatai. Lakini tulisema kilio itamalizwa mbio, Kunda atakaa kwenu miezi tatu tu. Mwezi ya kenda anatimiza miaka sita, ataingia masomo. Masomo iko huku, karibu na mulango yangu.

Kazi niko nayo. Natumika mu nyumba ya fotokopi mu muji, kwa patron yangu, citoyen Anaclet. Kuko mashini mupya inatosha kopi ya rangi. Nyekundu inatoka nyekundu, rangi ya majani inatoka majani. Miye njo niko ku ile mashini. Umuambie yaya Casimir asiseme tena eti dada yake aliolewa na mubeba mizigo.

Ni miye, Mukuka.


Kasomeno, tarehe 31/1/1989

Shemeki yangu Mukuka, muntu ya rangi,

Tunakurudishia jambo yako yote, na ingine juu yake. Huku tuko. Mama miguu inamuuma na macho inaanza kumuacha, lakini kinywa haijamuacha, anatutukana bote muzuri. Muhogo ilitoka. Mutoto ya jirani alizaliwa, balimuita Mwansa. Kunda iko muzima, anakula, anakimbia nyuma ya mbuzi, amenenepa.

Barua yako nilisoma mbele ya bote. Casimir alicheka mpaka akakohoa. Alisema: "Kumbe! Mukuka amekuwa muntu ya mashini ya rangi! Basi muzuri. Ku kilio ya dada yangu kila mukubwa atoke na foto ya Marceline mu mukono. Ya rangi. Ku karatasi muzito, sawa banafanya bantu ba Lubumbashi ku misa. Makumi tatu. Si karatasi ya barua inalegea na jasho. Akileta, tunamufunga busanga na anabeba mutoto yake. Akikosa, tutajua ilikuwa mudomo tu. Mutoto hapewi mudomo."

Bakubwa bote baliitika. Unamujua Casimir. Akisha kusema, hata ukimuletea mvula mu kikapo hageuki. Siku haijawekwa, itakuwa mwezi ya ine.

Sasa sikia. Foto ya Marceline iko moya tu hapa duniani, ile ya kikwembe ya manjano, amesimama mbele ya kanisa anakaza macho juu ya jua. Iko mu sanduku ya mama. Nimeitosha mu sanduku. Mama hajui. Casimir anazani uko na ya kwako. Abibu muchuruzi ya samaki anakuletea, iko ndani ya barua hii. Ichunge sawa yayi. Ukimaliza kopi, irudishe mbio, mbele mama hajaanza kutafuta.

Ni miye yaya yako, Claudine.


Kamalondo, tarehe 19/2/1989

Yaya Claudine,

Jambo ya bote. Pole ya miguu ya mama. Abibu alifika, foto ilifika, haikupinda. Nilikaa nayo siku mbili bila kuiangalia. Siku ya tatu niliangalia.

Makumi tatu, sawa. Lakini karatasi muzito, yaya, si karatasi. Ukishika kipande inasimama yenyewe sawa bati. Ku boksi yake bameandika gramu mia mbili. Ya barua iko makumi nane. Zéphirin, njo fundi ya mashini, miye namusaidia, anasema karatasi muzito iko na kiburi. Ikinywa mayi ya mvula inajikunja. Ikijikunja inakwama. Ikikwama patron anapiga makelele. Kila asubui nasogeza maboksi mbali na ukuta, nayaweka juu ya mbao, kwani ukuta unalia mayi.

Tena iko kidogo. Ile inabakia patron amefungia mu kabati na kifunguo, ni ya kuitia bantu ku ndoa ya mukubwa moya. Nilimuomba makumi tatu. Alisema: "Weye? Ya kufanya nini?" Sikumujibu muzuri.

Nitapata njia. Usiambie Casimir kitu. Kunda amekuwa murefu namna gani? Uniandikie.

Mukuka.


Kasomeno, tarehe 20/3/1989

Shemeki,

Jambo. Huku mvula inapunguka. Mama iko vile vile. Casimir alivunja baiskeli, asema ni barabara njo ilivunja.

Ulisema utapata njia. Mwezi moya inapita na Abibu anarudia mikono mitupu. Nilimuuliza: "Ulimuona?" Anasema alikwenda mpaka mu nyumba ya fotokopi, alikuta imefungwa. Nyumba ya fotokopi inafungwa siku ya kazi namna gani?

Siku imewekwa. Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, ya mwisho ya mwezi ya ine, tarehe 29. Pombe itaanza kulowekwa juma mbili mbele.

Jana mama alifungua sanduku. Anapapasa, anapapasa, anauliza: "Claudine, foto ya mutoto yangu iko wapi?" Nilimuambia iko chini ya mablanketi. Aliitika. Leo anapapasa tena. Mukuka, rudisha ile foto. Makopi tutaongea, lakini foto rudisha.

Claudine.


Kasomeno, tarehe 16/4/1989

Mukuka,

Sina jambo ya kukupa leo. Inabakia siku kumi na tatu. Mama analia ku sanduku na miye njo namufuta machozi, miye mwenye kuiba. Umekufwa? Kama umekufwa batuambie tuongeze pombe. Kama uko muzima, andika.

Claudine.


Kamalondo, tarehe 23/4/1989

Yaya Claudine,

Niko muzima. Sikuandika, haya ilinishika. Sasa nasema yote. Usome mbele ya bote, nimechoka kubeba bongo, maneno si ya kweli.

Ya kwanza. Miye si muntu ya mashini. Nilikuwa nafagia, nabeba maboksi, nachota mayi. Zéphirin peke yake njo anagusa mashini. Nilisema bongo juu Casimir asinizarau sana.

Ya pili. Carton, ile karatasi muzito, nilikosa. Nilijitengenezea. Unajua batayere ba Kamalondo, bashona nguo, namna banafanya kola ya shati isimame: banapika uji muzito ya bunga ya muhogo, banapaka kati ya bitambaa bibili, banapiga pasi. Nilifanya vile. Nilikamata karatasi mbili za kawaida, nikapaka uji katikati, nikakandamiza, nikapiga pasi ya makala. Ilitoka nguvu, yaya. Ukiipiga na kidole inalia. Nilitengeneza makumi tatu na tano. Nilijisifu sana.

Tarehe 4 ya mwezi ya tatu, saa ya bantu kwenda kula, nilibakia peke yangu. Niliweka Marceline juu ya kioo, nikafunika kifuniko. Nilitia karatasi zangu mu sanduku ya mashini, ile ya chini, sawa nilikuwa naona Zéphirin anafanya. Nilifinya buto ya kuitembeza.

Ya kwanza ilipita. Yaya, ilitoka! Kikwembe manjano, macho imekazwa, kila kitu. Nilicheka peke yangu.

Ya pili haikutoka. Ndani kuko rulo ya moto, inazunguka, inashikisha rangi ku karatasi. Uji ilirudi kuwa uji. Karatasi ziliachana, zikajifunga ku rulo, ingine zikafuata. Niliona moshi. Nyumba yote ilinuka bukari ya bunga ya muhogo, ya kuungua. Patron aliingia na Zéphirin nyuma yake, akakata kura ya umeme, akatusukuma bote inje, akafunga kufuli kubwa. Alisema: "Weye mufagiaji, nani alikuonyesha buto?" Zéphirin naye alisema: "Umeipikia mashini bukari, sasa imeshiba, imelala."

Ile kopi moya niliyoishika ilibakia ndani. Ilikanyagwa.

Foto nayo iko ndani. Chini ya kifuniko, juu ya kioo. Sikuitosha. Nilikumbuka nikiwa inje.

Nilirudia kumuomba patron. Alisema nilifanya sabotage, niliharibu na kusudi, nikikaribia mulango ataita bagendarme. Hafungui mpaka fundi atoke Kinshasa, aone namna iliharibika, muntu asiguse mbele yake. Siku ya fundi kufika haijulikani. Kila asubui napita pale. Naangalia mu dirisha. Naona mashini. Iko mita tatu na miye.

Sasa nabeba matofali kwa bantu banajenga Makomeno.

Sina foto, sina makumi tatu, sina kazi ya mashini. Niko na mikono na nyumba. Munihukumu. Lakini mutoto ni yangu.

Mukuka.


Kamalondo, tarehe 4/6/1989

Yaya Claudine,

Jambo. Kilio ilisha pita, hakuna neno. Abibu anasema alikupa barua yangu mu mukono mbele ya kilio. Anasema ulikuwa na mutoto ku mugongo. Ni Kunda? Karibu miaka sita na bado anabebwa? Iko mugonjwa?

Balisema nini? Kama balikataa, andika "balikataa". Neno moya tu. Nitasoma.

Kufuli ingali pale pale.

Mukuka.


Kamalondo, tarehe 2/7/1989

Yaya Claudine,

Jambo, hata kama haunijibu. Baridi ya mwezi ya sita imeingia, matofali inakata mikono. Nataka uone kitu iko mu barua hii. Mbele nikuambie namna nilipata.

Siku ya ine ya juma, tarehe 29 ya mwezi ya sita, Zéphirin alikuya kunitafuta Makomeno. Alikuya anakimbia, viatu mu mukono. "Mukuka, kuya! Muzee ya Kinshasa iko ndani ya mashini, anauliza nani alitia bunga." Nilikwenda na vumbi ya tofali ku kichwa.

Fundi ni muzee mufupi, na mawani. Alikuwa ameisha kutosha rulo. Ilikuwa nyeusi, imevaa ngozi ya muhogo. Aliniuliza nilifanya namna gani. Nilimuambia yote: uji, pasi, kola. Patron alikuwa anaficha uso. Muzee alicheka mpaka akatosha mawani. Kisha hakucheka tena. Alisema: "Sikia, baba. Hata ungepata karatasi muzito ya kweli, ile njia uliitia ingekwama. Mu sanduku ya chini njia inajipinda sawa nyoka, kitu muzito haigeuki mule. Karatasi muzito inapita huku." Alifungua kamulango pembeni, sikujua iko mulango. "Huku, njia imenyooka. Moya moya, na mukono. Na mashini unaiambia ni muzito, inatembea polepole, moto inapata saa ya kukamata rangi."

Nilijua nilikuwa mujinga mara mbili.

Kisha alifungua kifuniko. Marceline alikuwa pale. Miezi ine, mvula, nyumba imefungwa, foto ilikunywa mayi, ikashikamana na kioo. Muzee alivuta pembe. Karatasi ya nyuma ilianza kutoka, sura ikabakia ku kioo. Aliacha kuvuta. Alitosha wembe akwangue. Nilimushika mukono. Patron alipiga makelele. Nilisema: "Papa, ni bibi yangu. Alikufwa. Hakuna ingine."

Muzee aliniangalia. Akamuambia patron: "Mbele ya kusafisha kioo nifanye test ya rulo mupya. Lete carton yako." Patron: "Ile ni ya ndoa!" Muzee: "Basi siku ya ndoa ikikwama usiniite, Kinshasa ni mbali." Patron alifungua kabati.

Yaya, kila karatasi alitia pale pembeni ilitoka na Marceline. Moya, Marceline. Mbili, Marceline. Zéphirin alipiga musalaba. Zilitoka kumi na moya, muzito, moto moto. Ku shavu kuko alama nyeupe fasi mayi ilikula, lakini macho iko, kinywa iko.

Kisha muzee alisema: "Pole, baba," akakwangua. Ilitoka vipande vipande sawa ngozi ya kitunguu. Nilikaa mpaka akamaliza. Nilifagia miye mwenyewe. Njo ilikuwa kazi yangu.

Patron alisema: "Hizi carton ni yangu." Zéphirin alisema: "Patron, utaitia bantu ku ndoa na sura ya marehemu?" Patron aliangalia sura, akasema: "Beba, na nisikuone tena."

Kumi natuma kwenu. Moya nilibakiza. Nilikosa makumi tatu, najua. Foto ya mama nimeiua, umuambie ni miye, usijitie. Nimemaliza mayele na bujanja yote. Sasa naomba tu. Nijibu.

Mukuka.


Kasomeno, tarehe 23/7/1989

Shemeki Mukuka,

Najaribu kuandika hii barua mara ya tano. Mama iko, Casimir iko, Kunda iko muzima kabisa, hakuwa mugonjwa hata siku moya. Nilikuwa namubeba juu napenda kumubeba.

Nitasema sawa ulisema, ya kwanza na ya pili.

Ya kwanza. Barua yako ya mwezi ya ine ilifika siku moya mbele ya kilio. Ku kilio niliisoma mbele ya bote, neno kwa neno, uji na pasi na kila kitu. Nilizani Casimir atakasirika. Bakubwa balicheka fasi ya bukari. Nilisema pia ni miye niliiba foto. Mama alisema: "Sura ya mutoto yangu naijua na mikono, si na karatasi. Mumuache yule mwanaume." Na Casimir, unajua alisema nini? "Muntu anayeandika aibu yake vile, hana mudomo tena. Makumi tatu nilisema juu ya kumukomesha, sikutaka aungue. Busanga iko hapa. Claudine, muandikie leo, akuye tumufungule, abebe mutoto yake."

Leo, alisema. Ilikuwa tarehe 29 ya mwezi ya ine.

Ya pili. Sikuandika. Kila juma Casimir ananiuliza: "Mukuka alijibu nini?" Namuambia: "Anasema iko na kazi, atakuya." Barua yako ya mwezi ya sita nilificha mu bunga.

Unajua miye sikuzaa. Babwana babili baliniacha juu ya ile. Kunda alifika hapa na kikapo kidogo na kikohozi, alikuwa anakuita mu mulango. Mwezi ya kwanza, ya pili, alikuwa anakuita. Kisha aliacha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Ku barua sikukuandikia hata mara moya kama anaulizia baba, uliona? Juu hakuulizia tena, na miye sikumukumbusha.

Karatasi zako zilifika siku ya pili ya juma hii. Nilifungua peke yangu mu jikoni. Ni yeye, Mukuka. Ilikuwa sawa anataka kunikatalia kitu. Kunda aliingia, akaniondolea moya mu mukono. Akaniuliza: "Huyu mama ni wa nani?" Nilisema: "Ni mama yako." Alicheka. Akasema: "Mama yangu ni weye," akarudisha karatasi juu ya meza, kichwa chini, akatoka ku mbuzi.

Nilitamani ile neno mwaka muzima. Ilipokuya niliketi chini.

Nilimuambia Casimir yote. Hakunipiga. Alisema tu: "Andika." Bakubwa bamegawana karatasi, ya mama ameitia mu sanduku. Busanga inakungoja. Hukumu yako ilisha miezi tatu, na weye ungali unabeba matofali unangoja. Sikuombi unisamehe. Kuya.

Claudine.


Kamalondo, tarehe 30/7/1989

Yaya Claudine,

Jambo ya bote.

Barua nilisoma mara tatu. Nilizani ni macho yangu. Kisha nilikwenda Makomeno, nikabeba matofali mpaka mikono ikakataa, juu ningebakia mu nyumba ningevunja kitu. Nilikutukana mingi. Hukusikia, basi ilipita bure.

Miezi tatu, yaya. Nilikuwa napita ku kufuli kila asubui.

Lakini miye njo nilianza bongo. Na ni weye ulimuponya kikohozi.

Nakuya. Abibu anapakia huku siku ya posho ya juma ingine, nitapanda naye. Munifunge busanga. Sitamubeba siku ile ile. Nitakaa kwenu juma moya, mbili, mpaka anizoee. Nitafanya kazi ya Casimir, aniambie ya kufanya. Usimulazimishe aniite baba. Karatasi ile isiwekwe kichwa chini. Muiweke tu fasi anapita.

Weye, kama unataka, utamusindikiza mpaka Kamalondo, ukae mpaka masomo ianze. Nyumba inatoboka lakini kuko fasi. Ni juu ya mutoto nasema, si juu yako. Bado.

Kitu moya. Nilikwenda kumutafutia viatu vya masomo. Muchuruzi aliniuliza muguu wake ni namna gani. Nilimuonyesha na mikono, nikaona naonyesha muguu ya mwaka ilipita. Niliondoka. Ukate kamba, upime muguu wake, kutoka kisigino mpaka kidole kikubwa. Umupe Abibu aniletee, nikuye na viatu.

Mukuka.